Jumamosi Walimu wa Siasa Walipopiga Kura

Sisi tunaofundisha sayansi ya siasa tuna ugonjwa mmoja: tunapenda maandishi kuliko mambo yenyewe. Nasema hivyo bila kinyongo, maana na mimi ni mgonjwa. Chama chetu cha walimu hapa Lubumbashi kilipoanza, tulikaa Jumamosi nane mfululizo tukibishana kama mwenyekiti aongoze miaka miwili au mitatu. Mwenzetu mmoja alikasirika akaondoka na kiti cha plastiki, kwa kuwa alikuwa amekileta kutoka kwake. Mwishowe tukakubaliana miwili, tukaandika kanuni kurasa kumi na moja, tukatia sahihi wote, tukapiga picha. Halafu tukazisahau. Miaka sita ikapita bila mtu kupiga kura yoyote.

Aliyetuongoza miaka hiyo yote ni mama mmoja, chef de travaux wa chuo kikuu, yaani ngazi moja chini ya profesa. Baba yake alitoka kaskazini ya Katanga akafanya kazi ya reli, na nadhani ndiko alikorithi chuki yake kwa watu wanaochelewa. Tulimwita Mama Chef. Ndiye aliyetukusanya, sisi waasistenti wa chuo na walimu wa civisme, somo la uraia, wa shule za sekondari, watu ambao kwa kawaida hawasalimiani vizuri. Alituombea chumba cha parokia katikati ya mji, nyuma ya benki, na kila siku ya mkutano, kabla ya saa tatu, alikuwa amekwisha kufuta ubao.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Mmoja anafundisha somo lake, wengine wanakaa kwenye madawati kama wanafunzi na kuandika. Somo likiisha, Mama Chef hakugusa karatasi za mwalimu. Alikusanya madaftari ya wasikilizaji, akayafunga, akawauliza wameelewa nini. Mara yangu ya kwanza nilisomesha mgawanyo wa madaraka saa mbili nzima, nikiamrisha watu waandike neno kwa neno kama nilivyoandikishwa mimi. Madaftari yalijaa. Alipoyafunga, hakuna hata mmoja aliyeweza kusema kitu.

"Umeandikisha bantu," akaniambia mbele ya wote, kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo bantu ni watu. "Bado haujafundisha."

Nilimchukia wiki nzima. Halafu nikarudi, akakaa nami Jumamosi tatu baada ya wengine kuondoka, mpaka nikaweza kueleza jambo lile lile kwa nyumba ya kawaida: nani anasonga bukari, yaani ugali, nani anagawa samaki, na wawili wakigombea kichwa cha samaki, nani anaamua. Wanafunzi wangu wanacheka hadi leo, lakini kwenye mtihani wanajibu. Kila nilicho nacho mbele ya ubao nilikipata kwa mama huyu, na sioni haya kukisema.

Siku mambo yalipogeuka, zamu ya kufundisha ilikuwa yangu. Somo lilikuwa kubadilishana madaraka. Mama Chef alikuwa amealika wasichana wa mwaka wa mwisho kutoka lise moja, shule ya sekondari ya wasichana, kwa sababu, alisema, sisi watu wazima tunaigiza uanafunzi vibaya. Nilifundisha vizuri, nisijifiche. Mwishoni msichana mmoja wa dawati la mbele akasimama.

"Prof, niko na question. Na hapa kwenu, ni nani alichaguaka Mama?"

Mimi, kwa woga, nikaanza kumweleza kwamba uhalali wa kiongozi una aina zake, upo wa mila, upo wa sheria. Mama Chef akanikatiza kutoka nyuma.

"Acha. Mutoto anauliza jina ya bantu, haulize théorie." Akamgeukia msichana. "Jibu yake ni hii: hakuna muntu. Hakuna muntu alinichaguaka."

Mzee mmoja wa chama akasimama na kusema kwamba basi tumthibitishe papo hapo, akaanza kupiga makofi. Wote tukainuka. Makofi yalikuwa makubwa, na yalikuwa ya kweli, maana hakuna aliyetaka kumwona akiaibika. Alisubiri yaishe.

"Makofi, nani atahesabu?" akauliza. "Mukae chini. Mukutano yenye kuya, tutapiga kura. Nani mwengine anasimama?"

Kila mmoja akatazama viatu vyake.

"Kama niko peke yangu, haiko uchaguzi. Iko fête, sherehe tu."

Ndipo mkono mmoja ukapanda pole pole. Ulikuwa wa mwalimu wa sekondari kutoka Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga. Mtu mpole, aliyekuja mjini kila mwezi juu ya malori ya mahindi na kulala kwa dada yake Katuba. Shuleni kwake kulikuwa na kitabu kimoja cha civisme, nacho kilikuwa chake mwenyewe. Mara tatu alikuwa ametuomba chama kiende kufundisha Kasomeno, na mara tatu Mama Chef alikataa: barabara mbaya, mvua, na mwenye kiu hufuata kisima. Hapo alikosea, na tulijua, lakini hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia.

Lazima nieleze kilichokuwa hatarini. Mama Chef alikuwa mjane. Watoto wake walikuwa Kolwezi na ng'ambo. Tasnifu yake ya udaktari, ile ambayo ingempa uprofesa, ilikuwa imelala kwenye kabati tangu mwaka tulipoanza, kwa sababu muda wake wote tuliula sisi. Wenzake wa rika lake walikuwa maprofesa tayari, wengine wakimtuma. Alichokuwa nacho ni chama hiki. Akishindwa, angebaki na lile kabati.

Naye akautayarisha uchaguzi huo kwa mikono yake. Aliniomba nichape karatasi za kura, akazirudisha mara mbili, kwa sababu jina lake lilitokea nene kidogo kuliko la mwenzake. Alimwalika tena yule msichana aje kuhesabu, kwa kuwa hakuwa mwanachama. Alimpa mpinzani wake nusu saa ya kujieleza, na alipoona anaisha baada ya dakika kumi, akamwambia aendelee, bado ana muda. Mwalimu wa Kasomeno akatoa karatasi iliyokunjwa, yenye maswali ya wanafunzi wake. Akasoma moja: kati ya chifu wa kijiji na mtawala aliyetumwa na serikali, nani anamwamuru mwenzake kama kuna ugomvi wa shamba? Tulikuwa watu kumi na saba wenye vyeti vya siasa chumbani mle, na kila mmoja akaanza kupekua daftari lake.

Sasa nifike kwenye yangu. Nilipenda maneno ya yule bwana. Lakini pia nilifanya hesabu kama mtaalamu: huyu atampigia Mama, yule atampigia Mama, huyu hawezi kumkana. Nikaona atashinda kwa kura kumi na mbili hivi. Basi kura yangu, nikajiambia, inaweza kuwa ujumbe mdogo tu, ili asikie kwamba Kasomeno nayo ina watu. Nikaweka alama kwenye jina la mwalimu wa Kasomeno, nikakunja, nikaridhika na akili yangu.

Baadaye niligundua kwamba wengi walikuwa wamepiga hesabu ile ile. Ni walimu wa siasa tu wanaoweza kukosea hivyo.

Msichana alifungua karatasi moja moja na kuchora mistari ubaoni. Ilipofika nane kwa nane ikabaki moja, niliinuka ili nione karatasi. Akaifungua, akaisoma, akachora mstari wa mwisho. Tisa kwa nane. Mwalimu wa Kasomeno alikuwa ameshinda.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Chef aliinuka, akaenda hadi ubaoni, akaihesabu mistari tena kwa kidole, kisha akampa mwenzake mkono.

"Félicitations, papa." Akatoa ufunguo wa chumba kwenye mkoba. "Ule mulango unakamataka. Uvute kwanza, kisha uzungushe."

Halafu akarudi akakaa kwenye dawati, mikono juu ya meza, akimngoja mwenyekiti mpya afunge mkutano. Mwenyekiti mpya alikuwa akilia. Mama Chef hakulia. Nilimtazama nikaona kwamba sijawahi kumheshimu mtu kiasi kile, na kwamba ni mimi niliyemwangusha.

Miezi miwili baadaye tulikwenda Kasomeno kwa basi dogo la kukodi. Sikutegemea Mama Chef atakuja, lakini alikuwa wa kwanza kituoni, akiwanung'unikia waliochelewa. Huko alifundisha lile swali la chifu na mtawala, chini ya bati lililokuwa likitoa joto, watoto watatu kila dawati. Alilifundisha kwa kuwasimamisha wanafunzi wawili mbele na kuwagombanisha shamba. Mwenyekiti wetu alisimama mlangoni akitabasamu kama bwana harusi. Njia nzima ya kurudi watu waliimba.

Nilikuwa nimekaa kando ya Mama Chef. Nikaona hapo ndipo pa kuungama.

"Mama Chef, juu ya ile siku ya kura, niko na neno."

Hakunigeukia. "Ile usiniletee. Kura iko siri."

"Lakini mi nataka ujue."

"Weye njo unataka. Miye nafundisha bantu miaka yote kama kura iko siri. Sasa nibadirishe somo juu roho inakuluma?"

"Mama, ilikuwa tofauti ya moja tu."

"Minajua kuhesabu," akasema.

Akafungua kikapu, akanimegea nusu ya muhogo aliopewa na watoto wa shule, akala nusu yake akitazama barabara. Nilikula nami. Imepita miaka mitatu sasa, tunaonana kila mwezi, na bado hajaniruhusu kumwambia.