Ruhusa ya Kwenda Kumzika Bibi

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie kwamba yale yameshapita. Nafundisha Kiingereza hapa Lushoto. Kila mwaka nikifika kwenye somo la vitenzi vya wakati uliopita, chaki hunikatikia mkononi.

Nilikuwa kidato cha pili, nikilala bweni. Asubuhi moja matroni aliniita jikoni akaniambia bibi amefariki. Bibi ndiye aliyenilea, kule Mtae. Kwetu maiti hailazwi, kwa hiyo angezikwa siku hiyohiyo baada ya swala ya alasiri. Basi la Mtae lilikuwa moja tu, na liliondoka saa nne. Nikiliwahi, ningemwona uso kabla hajafunikwa sanda.

Ruhusa ilitolewa na mwalimu wa zamu, na siku hiyo zamu ilikuwa ya mwalimu wetu wa Kiingereza. Mlangoni pa ofisi ya walimu paliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba humo ndani ni Kiingereza tu. Ukikosea unarudi barazani, unaipanga sentensi yako upya, unagonga tena. Tulikuwa tumezoea. Ukienda kuomba chaki au ufunguo wa darasa, hata kucheka ulicheka.

Nikagonga, nikasema shikamoo. Hakuitika, maana shikamoo si Kiingereza. Nikamweleza kwa Kiingereza nilivyoweza, huku nalia.

"Kitenzi hicho ni cha sasa," akasema, tena kwa Kiswahili, maana sheria haikumhusu yeye. "Jambo limeshatokea. Nenda nje ukalipange."

Nikatoka. Hapo ndipo ninapojikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilitii. Ningeweza kupenya kwenye ua wa michongoma nikakimbia zangu. Lakini bibi huyohuyo ndiye aliyenifundisha nisimbishie mkubwa, nami nikasimama barazani nikinong'ona vitenzi, machozi yakidondokea daftari. Mara ya pili nilichanganya nyakati. Mara ya tatu nikasema sawasawa.

Akatabasamu, akasaini kikaratasi cha ruhusa. "Umeona? Ukitulia unaweza."

Neno pole hakulitamka. Nilikimbia hadi stendi nikiwa na kile kikaratasi mkononi. Basi lilikuwa limeondoka, na mama muuza mapeasi akanielekeza kwa kidevu barabara lilikopita.

Nilifika nyumbani kesho yake. Mama alinishika mkono akanipeleka nyuma ya migomba, kwenye tuta la udongo uliokuwa bado mbichi. Shangazi ndiye aliyesema, kwa Kishambaa, bila kunitazama, kwamba walinisubiri. Kila gari lilipovuma kwenye kona walitoka nje kuangalia kama ni mimi, mpaka wazee wakasema basi, jua linainama.

Mwezi uliopita nilimkuta yule mwalimu sokoni anachagua viazi. Amestaafu, ana mvi kichwa kizima. Shikamoo ikanitoka kabla sijaamua kuitoa.

"Marahaba!" Safari hii aliitika. Akamwambia muuza viazi kwa fahari kwamba mimi ni mwanafunzi wake, na sasa ni mwalimu kama yeye.

Basi nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiingereza, makusudi, ili asinirudishe nje. Nilianzia jikoni kwa matroni nikaenda hadi kwenye tuta nyuma ya migomba. Nilimtazama machoni, kitu ambacho bibi angenichapa kwa kukifanya. Waliokuwa karibu hawakujua Kiingereza, lakini waligeuka kututazama, kwa sababu hasira haihitaji mkalimani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha upande kama alivyokuwa akitusikiliza darasani. Kisha akamgusa bega muuza viazi.

"Umemsikia huyu?" akasema. "Hajakosea hata kitenzi kimoja."