Hapo Hukaa Gunia la Karanga

Enzi zetu pale Itetemia, baridi ya mwezi wa sita ilikuwa baridi kweli. Tulikwenda shule pekupeku, magoti yamepauka kama tumepakwa majivu, mkononi kiazi cha kuchemsha. Hatukukila upesi, maana kilipasha viganja. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Siku hizi mtoto ana soksi na sweta, na bado anadeka.

Sisi tulikuwa na bahati moja. Baba alikuwa na gari kuukuu lenye hita. Jumamosi alikwenda Tura kununua karanga, dada yangu Sabina akakaa katikati, mimi dirishani. Joto lilitoka chini ya dashibodi likanilamba miguu. Baba alitucheka: "Babu zenu walipita njia hii kwa miguu, pembe za ndovu begani, mpaka pwani. Ninyi mnaletewa moto miguuni!"

Asubuhi moja Baba aliposhuka kununua asali, nilihisi maji ya uvuguvugu yakinidondokea vidoleni. Sabina akatazama chini.

"Mama yangu! Limejikojolea hili!"

Akaninong'oneza kikojozi mpaka Tura. Kwa aibu sikubisha. Safari iliyofuata nilitandika gunia miguuni, na tukifika nikalikamua kwa kujificha.

Baba akawa anaongeza maji kwenye rejeta kila safari. "Gari hili linakunywa kuliko ng'ombe wa Ziba," alisema. "Linayapeleka wapi? Kuna aliyeona maji popote?"

Mimi nilitazama nje.

Jumamosi moja, Tura ikiwa karibu, injini ilichemka ikazima. Gari likavutwa mpaka nyumbani. Fundi akakuta injini imepasuka. Akang'oa dashibodi kutafuta maji yalikopotelea, na nyuma yake akaona rejeta ndogo ya hita, ile inayopitisha maji ya moto ya injini, imeoza.

"Mzee, maji yamemwagika humu muda mrefu. Aliyekuwa anakaa hapa hakusema?"

Baba alinitazama. Nikainama.

"Hapo hukaa gunia la karanga," akamjibu.

Fundi akairudisha dashibodi juujuu, akaenda zake. Gari likabaki ubavuni mwa nyumba, kuku wakataga chini ya usukani. Baba akarudi kwenye baiskeli, na karanga zikawa zile tu ambazo baiskeli iliweza kubeba. Hakuniuliza hata siku moja. Nami kila jioni nilijiambia, kesho nitasema.

Mwaka huu, baada ya miaka mingi, tulilipatia gari injini nyingine, na hita nikasema nitaitengeneza mwenyewe. Mafundi wa hapa hukata mipira miwili ya hita wakaiunganisha ili maji yasifike kabisa kwenye hita, yameisha. Wanauliza, Tabora na hita wapi na wapi? Lakini Baba sasa miguu yake ni baridi hata mchana, na kila mwezi nampeleka hospitali.

Ilinichukua siku tatu, maana mimi si mwepesi. Skurubu nilizipanga kwenye sinia la Mama kama zilivyofuatana kutoka. Nyaya nilizifunga vipande vya kitenge, kila mmoja na rangi yake. Kisha nikaivuta dashibodi polepole mpaka ikanilalia mapajani. Nyuma yake kulikuwa na maganda ya karanga, na mstari wa kutu ulioshuka moja kwa moja hadi mahali nilipokuwa naweka miguu. Niliutazama sana ule mstari kabla ya kufunga rejeta mpya.

Juzi nilimkalisha Baba mbele, nikawasha. Joto likatoka, akafumba macho. Nikaona leo ndiyo leo.

"Baba, yale maji ya zamani yalinidondokea mimi. Niliyaona nikanyamaza. Nisamehe."

Alifikiri sana. Kumbukumbu zake siku hizi zinakuja na kukatika.

"Wewe?" Akacheka kwa upole. "Wewe hukuwemo, mwanangu. Hapo hukaa gunia la karanga."

Watoto wa sasa tunawasema kwa kelele zao. Mtoto akiona tone la maji garini atalipiga picha, na shangazi zake wote watalijua kabla ya dereva. Sisi tulisifiwa kwa kunyamaza. "Mtoto mtulivu huyu," wageni walisema, nami nikavimba kichwa. Leo miguu ya Baba ina joto, na nimekaa ubavuni pake. Lakini katika safari za Tura anazozikumbuka yeye, mimi simo.