Mlango wa Zizi Tulioufanya Mti wa Krismasi

Ninyi mliokulia Kishapu kama mimi mtanielewa, maana wanangu nimewaeleza mpaka koo limekauka. Kwetu ile miti mirefu ya kijani haikuota. Tuliiona kwenye kadi tu, imefunikwa theluji, huku sisi jua la Desemba linatuchoma utosi. Kwa hiyo tulikata tawi la mgunga, tukalisimamisha kwenye debe la udongo, tukalipamba. Theluji yetu ilikuwa pamba fafi, ile chafu ya bei ya chini ambayo baba alibaki nayo baada ya kuuza. Tulitundika maganda ya mayai kwa uzi, na karatasi za pipi tulizokwisha kuzilamba. Puto tulijaribu mara moja tu. Anayeijua miiba ya mgunga haulizi kwa nini.

Wiki iliyopita nilikata tawi kama lile nyuma ya nyumba yetu hapa Katoro, nikaliweka sebuleni. Nilitaka kitu kimoja tu: mimi na wanangu tukae chini, tulipambe pamoja, simu ziwe pembeni. Neema, binti yangu mkubwa, alilitazama kana kwamba nimeingiza mbuzi ndani. "Mama, wageni watasema tumefulia." Mdogo wake, Elia, akalipiga picha, akawarushia wenzake, wakacheka weee. Jioni nililikuta jalalani.

Sikukata tamaa. Niliwaketisha niwasimulie Krismasi ya mlango wa zizi. Mwaka huo mimi na kaka yangu Masanja tulizunguka pori zima, kila tawi limepinda. Lililonyooka, lenye vitawi pande zote, lilikuwa moja tu: lile ambalo baba alilivuta kila jioni kuziba mlango wa zizi. Ng'ombe walikuwa malishoni. Tukalichukua, mahali pake tukaweka kitawi chembamba ambacho hata ndama angekisukuma kwa pua. Baba aliporudi na ng'ombe, Masanja alijifanya mwema, akasema mlango atafunga yeye. Mti ulipendeza, siwezi kusema uongo.

Asubuhi ya Krismasi zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe wote walikuwa shambani kwa mzee Jilala, jirani yetu, wamejilaza, wameshiba mtama wake mchanga. Baba hakuinua hata fimbo. Alitutazama tulivyovaa nguo mpya, akasema, "Ng'wanawane, wanangu, kanisani mtaenda Krismasi nyingine. Leo mnapanda."

Tukapanda. Gauni langu jekundu likawa rangi ya tope, na nililia kwa hasira mpaka kwikwi. Lakini baba mwenyewe alikuwa mbele yetu na jembe, anachimba mashimo, sisi tunatupia mbegu. Saa saba mama akaja na sufuria la wali na kuku kichwani. Mzee Jilala, ambaye asubuhi alikuwa hasalimiki, akaja na wanawe wakatusaidia kumalizia, tukala wote palepale ukingoni mwa shamba. Jioni baba alikwenda kukata tawi jingine la mlango, ananung'unika njia nzima. Letu hakuligusa mpaka mwaka mpya.

Nilipofika hapo nikainua macho. Elia alikuwa ameziba masikio kwa vile vidude vya kusikilizia muziki. Neema akaniuliza, "Sasa mama, kwa nini hamkununua geti?" Jamani, hawa watoto ninaishi nao nyumba moja.

Basi nikanyoosha mikono, nikatoa hela. Jana bodaboda kaleta mti wa plastiki kutoka sokoni, una taa zinazopiga wimbo uleule mmoja, na swichi yake haizimi. Niliacha mboga jikoni, nikafuta mikono kwa kanga, nikaja mbio kuuliza nishike wapi. Neema akanijibu macho yakiwa kwenye simu, "Umekuja umepambwa tayari, mama. Wewe pumzika tu." Wakaukunjua, wakapiga picha mbili, kila mtu akaingia chumbani kwake.

Siku ile ya mtama mgongo uliniuma vibaya, na shambani tulikuwa watu kumi na mmoja. Leo siumwi popote. Nimekaa sebuleni peke yangu, nimepumzika kama nilivyoambiwa.