Saa Iliyobaki Kwenye Skrini

Bado nina hasira, na nitaandika nikiwa nayo.

Skripti ya maji niliiandika mimi. Ni programu ya kompyuta ya Python, fupi tu: inasoma jedwali la maji kujaa na kupwa, halafu inaandika saa ambayo boti ya kutoka Ndau kuja Amu, yaani Lamu mjini, iondoke ili ipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko, bila kukwama. Saa hiyo hubadilika kila siku. Kaka yangu naye alikuwa na skripti yake ya kuwatumia abiria SMS. Mwenye boti, jirani yetu hapa Wiyoni, akataka tuziunganishe. "Niachie mimi," kaka akasema. Akaweka mstari mmoja ndani ya yake, wa kuiendesha yangu.

Jioni akaijaribu. Skrini ikaandika: kumi na moja alfajiri.

"Umeona? Kazi ya wanaume hiyo."

Nikamwambia tujitumie SMS moja kwanza tuisome. Akasema nina wasiwasi kama bibi kizee, akatuma kwa wote.

SMS waliyopata: "Boti ya Amu kesho itaondoka saa". Basi. Skripti yake iliiendesha yangu lakini haikukamata jibu. Jibu likaishia kwenye skrini.

Wengine walimpigia nahodha wakamuuliza. Shangazi yetu wa Ndau hana simu, jirani yake ndiye humsomea SMS. Akakisia, akateremka pwani jua limeshatoka. Boti imeenda. Na siku hiyo ndiyo siku pekee madaktari wa macho walikuwa Amu.

"Lakini kwangu saa ilionekana," kaka bado anabishana.

"Kwako! Abiria wanasoma skrini yako?"

Nikafungua faili yake, nikaongeza capture_output=True na text=True ili jibu likamatwe kama maandishi, nikachukua stdout, yaani jibu lenyewe, nikaiweka ndani ya SMS. Nikajitumia. Saa ikaja nzima.

"Kumbe kitu kidogo hivyo," akasema. Nilitaka kumrushia kikombe.

Shangazi akapiga kwa simu ya jirani yake. Kaka akapokea.

"Shikamoo shangazi. Ni network tu hiyo, ilisumbua."

Nikampokonya simu, nikaweka sauti ya nje.

"Si network, shangazi. Ni huyu. Nilimwambia tuisome kwanza, akakataa."

"Haya, mwanangu. Na madaktari watarudi lini? Mimi hata ndia ya chooni siioni."

Kaka akatazama ukuta. Nikamrudishia simu mkononi.

"Mjibu."