Sauti Mbili Katika Faili Moja

Mshona suti alipoteza usikivu kidogokidogo, hata mkewe hakukumbuka ni lini hasa alianza kumpigia kelele. Kufikia mwaka wa sita majirani walijua kila jambo la nyumba ile: chumvi imekwisha, mlango haujafungwa, binti amepiga simu. Vifaa vya masikio vya dukani vilimtia kizunguzungu, kwani vilikuza kila mlio, hadi wa mkasi.

Mke alikuwa fundi wa saketi katika karakana ndogo ya vifaa vya hospitali. Kazi yenyewe ilikuwa imebadilika. Siku hizi saketi aliiandika kwanza kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, kila waya na jina lake, kisha maandishi yale yakapakiwa kwenye chipu na kuwa saketi kweli. Akamwomba mkuu wa karakana ruhusa ya kumtengenezea mumewe kifaa, saa za kazi zikiisha.

"Wewe tengeneza tu, mama," mkuu alimwambia. "Kikikubali, tutatengeneza na vya wengine."

Miezi minne baadaye kifaa kilikuwa tayari, ila kwa jambo moja: ukizungusha kidude cha kuongeza sauti, hakuna kilichoongezeka. Alipima nyaya, zikawa nzima. Akabadilisha kidude, wapi! Wiki mbili alikula bila kujua anakula nini.

Jumamosi moja alichapisha faili lote, akavuta kigoda hadi penye cherehani, akaanza kumsomea mumewe. Hakutarajia msaada, alichoka tu kuhangaika peke yake. Mume akaacha kushona, akamkazia macho midomo.

Ukurasa wa tatu akainua mkono.

"Hebu ngoja, mama watoto. Umesema 'tengeneza sauti'."

"NDIYO. NI JINA LA WAYA."

"Lakini kule mwanzo pia ulisema 'tengeneza sauti'. Mbona zimekuwa mbili?"

Mke alizipekua karatasi haraka. Akarudi ukurasa wa kwanza. Sauti ya kwanza ilitangazwa nje, mwanzoni mwa faili, nayo ndiyo iliyobeba kipimo kutoka kwenye kidude. Ya pili ilikuwa ndani ya kisehemu cha kukuzia milio. Aliiweka mwenyewe wiki ya kwanza kwa kujaribia, akaipa kipimo kimoja kisichobadilika, akasahau kuifuta. Na kompyuta ikikutana na jina huanza kulitafuta palepale lilipotajwa, ndani. Ikilikosa ndipo hutoka nje hatua moja, kisha nyingine. Ikishapata la karibu, haina habari na la mbali. Kwa hiyo muda wote huo kidude kilipeleka kipimo kwa sauti ya nje, wakati kisehemu cha ndani kinaisikiliza ile yake.

"Baba watoto," alisema, machozi yakimlengalenga, "mimi ni mjinga kweli."

Mume hakuyapata maneno yale, lakini uso aliuona. Akamshika mkono. "Umechoka tu. Futa hiyo moja twende tukale."

Jumatatu aliifuta, akapakia upya, jioni akamvisha kifaa sikioni. Kwa mazoea akapaza sauti: "UNANISIKIA?"

Mume aliruka kitini. "Polepole, utaniua!"

Akazungusha kidude mwenyewe, akapunguza, akaongeza tena kidogo. "Sema tena."

"Unanisikia?"

Mume akamgeukia. "Sauti yako imekuwa nzito."

"Si kwa kukupigia kelele miaka sita?"

Wakacheka hadi wakafutana machozi. Kisha mke akagundua ana mengi ambayo hayasemeki kwa kupiga kelele: kwamba magoti yanamuuma asubuhi, kwamba anamkumbuka binti yao, kwamba lile shati la kahawia linampendeza sana mumewe. Akayasema yote, taratibu, na mume akaitikia moja baada ya jingine.

Mwezi uliofuata mkuu wa karakana aliagiza vifaa kumi zaidi. Mshona suti naye alilalamika kwamba cherehani yake ina makelele ya ajabu, akaenda kuinunulia mafuta.