Mate ya Dada Dorotea

Dada yangu Dorotea alinuka utumbo. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu yeye mwenyewe alilitaja mwanzoni, kila alipoingia kanisani. "Samahanini ndugu zangu, leo nimekuja na ng'ombe wangu," alisema, na akina mama wakacheka, wakamsogezea nafasi kwenye benchi. Alipika supu pale Igogo, karibu na mahali mikokoteni inapopandia kutoka ziwani. Kabla jua halijachomoza alikuwa ameshachemsha maji, ameukwangua utumbo kwa kisu butu, ameuosha na kuuosha tena. Ngozi ya vidole vyake ilikunjamana siku zote kama ya mtu aliyetoka kufua.

Sisi ni Wajita, wa mwambao wa Mara. Baba alivua na kulima mihogo. Mimi, mdogo, nilipelekwa sekondari. Dorotea akaolewa Mwanza na Nkwabi, Msukuma mpole aliyefanya kazi kwenye ghala la pamba la shirika la umma. Mashirika yalipoanza kuuzwa, Nkwabi alipunguzwa kazini. Wenzake walikimbilia viwanda vya samaki vilivyokuwa vikifunguliwa, wengine machimboni. Yeye alikaa mlangoni akingoja kuitwa tena. Dorotea hakumsema. Aliazima sufuria kubwa ya kanisa, ile ya harusi, akaanza.

Mji ulikuwa unageuka. Minofu ya sangara ilipanda ndege, sisi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa isiyo na nyama. Maini na figo za ng'ombe zilikwenda hotelini. Kilichowabakia wabeba mizigo ni utumbo, na dada alijua kuufanya uliwe.

Miaka hiyo, nami nikiwa nimeshahamia Mwanza, Mwinjilisti Yeremia alirudi kutoka chuo cha theolojia, akawa anatufundisha akina mama mchana wa Alhamisi. Somo moja lilimkaa dada kuliko yote. Mwinjilisti alisema Waebrania wa kale walipotaka kueleza mtu alivyo kwa ndani, walitaja viungo vilivyomo mwilini mwake. Moyo kwao ndio uliofikiri na kuamua. Uchungu ulikaa kwenye ini, na aliyeomboleza mji wake uliobomolewa alisema ini lake limemiminika chini, maana yake hana tena kilichobaki. Huruma ilikaa matumboni, na kwa mwanamke ilikaa pale alipomlaza mtoto kabla hajazaliwa. Figo zilikuwa mahali pa siri, mahali ambapo mtu hujihukumu mwenyewe. Ndiyo maana zaburi kwa Kiebrania inasema Mungu huchunguza mioyo na figo. Mwinjilisti alituambia pia kwamba mfalme wa Babeli alitazama ini la mnyama ili aijue njia ya kupita, na kwamba Waisraeli walikatazwa mambo hayo.

"Figo kweli zimefichwa," Dorotea alisema. "Ziko nyuma kabisa, na zimefunikwa mafuta. Hata ukiwa na kisu unazitafuta."

Kesho yake somo lilikuwa limeshafika kwenye sufuria. Nilikuwa nimekaa pembeni nikimenya vitunguu, akaja mbeba mizigo mmoja na bakuli lake.

"Mama Rebeka, leo kuna nini?"

"Huruma ipo, baba, imeiva vizuri. Uchungu umeisha, umekwenda hotelini."

"Haya, na siri?"

"Siri nawauzia wenye suti. Wewe ungeipeleka wapi? Lete bakuli."

Watu walizoea. Ukipita pale ulisikia mwanaume mzima akiagiza huruma ya kutosha na ndimu.

Rebeka alikuwa mtoto wake pekee. Mimba nyingine ziliharibika, na mama mkwe wake, Selestina, aliyeishi kijijini ng'ambo, upande wa Busisi, hakumsamehe kwa hilo. Selestina alikuwa na ulimi. Mwanzoni alimwita dada Mjita wa kunuka samaki, baadaye wa kunuka utumbo. Mara ya mwisho walipokwenda kumsalimia alimpakata Rebeka, akamshika mikono iliyokonda, akasema mbele ya watu wote: "Mtoto huyu mkiendelea kumlea mjini, hamtakuwa naye."

Mvua zilipoanza, Rebeka alishikwa na homa ikampanda kichwani. Walimkimbiza hospitali, dawa zikatafutwa na zikapatikana. Akafariki.

Tulivuka na jeneza pale Kigongo. Dorotea alikaa sakafuni mwa kivuko, mgongo ukiegemea gurudumu la lori, na hakulia. Nilimwuliza kama anataka maji. Akasema, "Teodora, nadhani ini langu limeshamiminika lote."

Rebeka alizikwa kwenye ardhi ya ukoo wa baba yake. Matanga yalikuwa bado hayajaisha nilipoona wanaume wakikutana nyuma ya zizi. Nkwabi alikuwa katikati yao, kichwa chini. Mchana wake Shimba, kaka mkubwa wa Nkwabi na msemaji wa ukoo, alikuja kwenye mkeka wetu akiwa ameshika kifaranga mweupe.

Si kila ukoo wa Kisukuma hufanya hivi, ila wao walifanya. Ikitokea kifo kisichoeleweka, mwenye msiba humtemea kifaranga mate mdomoni. Kifaranga hupelekwa kwa mganga, anachinjwa, anapasuliwa, na mganga husoma ndani yake ni nani aliyehusika. Bila mate, kuku ni kitoweo tu. Safari hii mganga alikuwa ameagiza mate ya mama, kwa kuwa mtoto alitoka tumboni mwake.

"Shemeji," Shimba alisema, "tunataka kujua. Tema hapa, basi."

Dorotea alimpokea kifaranga. Alimshika kwa mikono miwili, kama mtu anayemfahamu kuku. Wote walikuwa wanamtazama. Selestina alikuwa amekaa mlangoni kwake, miguu ameinyoosha, naye anatazama. Hakuna aliyelitamka jina lake, lakini maneno yake juu ya Rebeka yalikuwa yameshazunguka matangani tangu siku ya kwanza. Kila mtu pale alijua kuku atasema nini. Na miaka ile, kikongwe akishatajwa hivyo, hakumaliza mwaka. Tulisikia habari hizo kila wiki, za mapanga na za nyumba kuchomwa.

Dada akamrudisha kifaranga.

"Sitemi, shemeji."

"Unaogopa nini?"

"Yaliyomo ndani ya mtu anayachunguza Mungu."

"Mungu!" Shimba alicheka kidogo, bila furaha. "Hata kwenye maandiko yenu mfalme alitazama ini. Nilisikia kwenye mahubiri ya redio."

"Alikuwa wa Babeli, shemeji. Na alikuwa njiani kwenda kubomoa mji wa watu."

Mwanamke mmoja aliguna. Mwingine akasema kwa sauti, makusudi asikike, kwamba anayemkimbia kuku ana lake. "Labda mwenyewe anajua alimpika mtoto na nini kwenye hiyo sufuria."

Nilisimama. Dorotea akanivuta nguo nikae. Shimba alimgeukia Nkwabi: "Mke wako huyo. Mwambie." Nkwabi aliinuka, akaenda zizini. Jioni hiyo hatukupewa chakula kama wenzetu, na asubuhi tuliambiwa turudi kwetu Mwanza. Nkwabi alibaki. Alisema atakuja baadaye.

Kwenye kivuko, wakati wa kurudi, nilimwambia dada kwamba imani yake imenitia nguvu. Alinitazama kama nimemtania.

"Imani gani? Nilipomshika yule kifaranga mate yalinijaa mdomoni. Nilitaka kutema, Teodora. Nilitaka sana. Nilikuwa nimeshamtaja yule bibi moyoni mwangu kabla hawajamtaja wao, tangu hospitali. Sasa kuku angesema nini zaidi ya hicho nilichomtemea? Wangempasua wakasoma figo zangu mimi, wakadhani ni habari za mama mkwe."

Baadaye kidogo aliuliza kama sufuria ya kanisa tuliifunika.

Alirudi kwenye kazi yake. Wateja hawakuagiza tena huruma; waliogopa kumtania mwenye msiba, wakasema "utumbo" tu, na yeye akawapakulia. Aliuosha utumbo ule kwa muda mrefu kuliko zamani, mpaka nikamwambia inatosha, umeshatakata. Kanisani aliacha kuomba radhi kwa harufu yake. Alikaa mwishoni, karibu na mlango.

Nkwabi alikuja mahindi yakiwa yameanza kubeba. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akanywa supu yote kabla hajasema.

"Shimba anasema hata bila kuku jina linajulikana," alisema. "Vijana wamempigia mama mawe juu ya bati. Mihogo yake wameikata yote, ikiwa bado midogo."

"Na wewe?" Dorotea alimwuliza.

"Mimi ni mtoto wao wote, Mama Rebeka. Nikimtoa mimi, ni kama nimewashtaki."

Dorotea alichukua mfuniko, akaifunika sufuria supu ikiwa ndani, akaondoa kuni motoni. Wateja wawili walikuwa bado wanangoja. Aliwaambia wasamehe, leo amefunga. Akaosha mikono, akajifunga kitenge kingine juu ya kile cha kazi, akaniambia, "Twende."

Tulifika kule jua likiwa bado juu. Selestina alikuwa uani kwake, akiokota vipande vya mawe na kuviweka kwenye ungo, kama mtu anayechambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kutema sasa?"

"Nimekuja kukuchukua."

Kikongwe aliuweka ungo chini. Alimtazama dada kuanzia miguuni.

"Mimi sikupendi, Dorotea. Sijawahi."

"Najua. Hata mimi sikupendi, mama. Funga nguo zako, kivuko hakitungoji."

Alifunga. Vilikuwa vitu vichache, na kuku wake wawili ambao alikataa kuwaacha. Njiani Shimba alitusimamisha, vijana kadhaa nyuma yake.

"Unamwiba mchawi wako?" alimwuliza Dorotea.

"Namchukua mama yako, shemeji. Wewe umeshindwa kumweka."

Shimba alikuwa na mdomo mpana, mwepesi wa maneno, lakini mama yake alikuwa pale pale mbele yake, na kuku kwapani, na sasa alikuwa amelazimika kumtazama. Alisogea pembeni ya njia. Vijana wakasogea naye. Hatukukimbia, kwa kuwa Selestina hakuweza kukimbia.

Waliishi pamoja Igogo katika chumba kimoja, pazia katikati. Ningependa kuandika kwamba walipatana. Selestina alilalamikia moshi, alilalamikia chumvi, alilalamikia akina mama wa kanisa walivyoimba. Dorotea alimjibu au hakumjibu, ilitegemea amechoka kiasi gani. Lakini kikongwe yule alianza kuamka naye alfajiri, akakaa upande wa pili wa beseni, akaosha utumbo. Nkwabi alipata kibarua kwenye kiwanda cha samaki, akawa analala huko huko na wenzake, akija siku za mshahara. Mwinjilisti Yeremia alitaka kumfanya dada mfano katika mahubiri. Alimkatalia. Alisema, "Mwinjilisti, ungejua yaliyomo huku nyuma usingenisimamisha mbele ya watu."

Siku moja, nikiwa nao, Selestina aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye beseni: "Ulidhani ni mimi?"

"Nilidhani," Dorotea alisema. "Kwa muda mrefu."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka kudhani, mama. Nipe hicho kisu."

Selestina alimpa. Baada ya kitambo alisema alimpenda yule mtoto, na kwamba alisema vile kwa kuwa alimwona amekonda, alitaka wamwachie amnyweshe maziwa. Dorotea aliendelea kukwangua, na nikaona machozi yanamdondokea mikononi, ya kwanza tangu msiba. Selestina aliyaona. Alivuta beseni lote upande wake, akamalizia kazi peke yake.

Dada alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa kifua, mvua za masika zikianza. Aliugua muda mfupi. Siku alizokuwa hawezi kusema, mama mkwe ndiye aliyemgeuza kitandani na kumfuta, akimgombeza kwamba ni mzito. Tulimzika huku huku Mwanza, kwa kuwa sikuthubutu kumvusha kwenda kule, ingawa nilijua angependa kulala karibu na Rebeka. Nkwabi alilia kama mtoto. Shimba alikuja. Alisimama mbali, akatoa rambirambi, na hakukaa.

Namwomba Mungu ampumzishe, yeye ambaye mengi ya ndani yake aliyaona Mungu tu. Mimi niliona mikono.

Selestina sasa anakaa kwangu Butimba. Kanisani haingii, ila Jumapili hunisindikiza mpaka getini na kunisubiri hapo. Amezeeka mno, na anataka kufia kwake. Juzi aliniuliza kama kule ng'ambo wameshasahau. Nikamwambia Nkwabi amekwenda kuuliza, hajarudi na jibu. Akasema basi hawajasahau, akauvuta mkeka wake ukutani, akalala.