Ng'ombe Wangapi kwa Huyu Binti?

Ndugu zangu, leo nimeona kinyaa katika ukumbi nilioingia kwa heshima.

Klabu yetu ya huduma kwa jamii hapa Tabora ilimwalika mgeni kutoka Dar es Salaam azungumzie ndoa za utotoni. Alizungumza vizuri mno. Nilimpigia makofi kwa dhati.

Baada yake alisimama Tatu, mwanafunzi kutoka Usoke aliyemkimbia baba anayetaka kumwoza. Alikuja kutuomba nafasi ya bweni ili aendelee na masomo.

Kabla hajaanza, mgeni akakichukua kipaza sauti.

"Huyu anatolewa kwa ng'ombe wangapi? Msinune, sisi wa pwani na nyinyi Wanyamwezi ni watani."

Ukumbi ukacheka. (Naam, na wenye shahada pia.)

Shangazi yake Tatu, aliyemleta, akainuka.

"Mtani wangu, nitanie mimi mtu mzima mwenzako. Mtoto huyu hao ng'ombe wameshafika kwao."

Mwenyekiti akatabasamu. "Mama, ni mzaha tu. Tatu, endelea."

Tatu akamshika shangazi yake mkono.

"Twende, shangazi. Hawa nao ni walewale."

Wakaondoka bila kuomba chochote. Sisi tukaitwa kwenye chakula.

Anayeuita huo utani, tafadhali anifafanulie hapa chini.